Tarehe Iliyomo Ndani ya Kofia

Ufundi wa kukusanya kofia kongwe na kubaini umri wake haujapewa heshima unayostahili katika elimu ya mambo ya kale, ingawa ni nadra kupata mji unaoweza kunufaika nao kama Eldoret. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulishuka Mombasa, ukasafiri kwa reli hadi Nakuru, kisha ukapanda kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi nyanda za Uasin Gishu. Mji uliochipuka huko katika Shamba Namba 64, ambao wenyeji waliuita Sisibo na serikali ikaupa jina la Eldoret mwaka 1912, uliwakutanisha watu ambao kila mmoja alitambulika kwa alichovaa kichwani: mlowezi kwa pama yake ya felti, yaani kitambaa kisichofumwa bali kinachotokana na manyoya yaliyobanwa kwa joto na unyevu mpaka yakashikamana, ofisa kwa chapeo ya jua, ile kofia ngumu iliyoundwa kwa koki au kwa kiini chepesi cha mmea wa sola uotao katika vinamasi vya Bengal, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles kwa tarbushi, na mzee wa Kinandi kwa vazi la ngozi alilopewa na mila.

Mjuzi wa fani hii haanzi na sura ya nje, kwa kuwa mitindo ya kofia huigwa na kurudiwa, bali huipindua kofia na kuisoma ndani. Kanuni anayoifuata ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitii: kofia haiwezi kuwa imekamilika kabla ya kuwapo kwa kitu kipya kuliko vyote vilivyomo ndani yake. Ushahidi mwingi hukaa kwenye ukanda wa jasho, yaani utepe wa ngozi unaogusa paji la uso, ambao mtengenezaji huupiga chapa ya jina na anwani yake. Mfano mzuri ni kampuni ya Hawkes ya London, iliyosifika kwa chapeo za koki, ambayo ilinunua nyumba namba 1 ya Savile Row mwaka 1912; chapeo yenye anwani hiyo haiwezi kuwa ilinunuliwa na mtu aliyefika Uasin Gishu mwaka 1908 akiwa ameivaa, hata kama ukoo mzima unasimulia hivyo.

Hata hivyo, chapa ya ukanda wa jasho yaweza kupotosha, kwa sababu ngozi huoza kwa jasho na mafundi waliibadilisha, hivyo ukanda mpya hukutwa ndani ya felti kongwe, au kinyume chake. Ndiyo maana kila sehemu huhojiwa peke yake: bitana, utepe wa nje, mishono na uzi. Uzi wa nailoni, kitu ambacho ulimwengu ulitangaziwa mwaka 1938, huonyesha mkono wa baadaye, ingawa mkono huo huenda ulikuwa wa mshonaji aliyeziba tundu tu. Kazi hii pia huhitaji glavu, kwa kuwa manyoya ya sungura yalikuwa yakitiwa chumvi ya zebaki ili yashikamane, njia iliyoachwa nchini Marekani mwaka 1941, na sumu hiyo ingali ndani ya felti nyingi za kale.

Vazi la ngozi la mzee wa Kinandi halina chapa wala anwani, na hapo ndipo wakusanyaji wengi hukata tamaa bila sababu. Wanandi wana kalenda yao katika marika, yanayoitwa ibinda: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, kila moja likichukua takriban miaka 15, kisha majina huzunguka na kurudi baada ya karne moja hivi. Kujua rika la mwenye vazi ni kupata muda mfupi wa kutafutia, na tukio kubwa, kama kuuawa kwa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwezi Oktoba 1905, huonyesha ni mzunguko upi wa jina unaotajwa. Ushahidi huo hauko chini ya ule wa Savile Row. Unahitaji tu mtu wa kuuliza kabla wazee hawajaondoka.

Marungu ya Koitalel yalirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006, lakini kofia nyingi hazikwenda mbali hivyo, kwani zimo kabatini na masandukuni mwa familia za Eldoret na vitongoji vyake. Familia hizo zisizioshe kofia hizo wala kuzibadilisha ngozi, bali ziandike jina la mwenye kofia, rika lake na mahali ilikopatikana, na karatasi hiyo iwekwe pamoja nayo.