Uzembe au Ukosefu wa Hadhari? Istilahi ya Madai ya Tiba na Mwananchi wa Ngara na Biharamulo

1. Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kulipima neno moja tu, nalo ni uzembe, kama litumikavyo kufasiri dhana ya kisheria inayohusu mganga, muuguzi au hospitali iliyomdhuru mgonjwa kwa kutotimiza wajibu. Huenda msomaji akauliza neno moja lina uzito gani hata lijaze kurasa za jarida. Jibu letu ni kwamba adaiye haki hudai kwa maneno. Akipewa neno lisilofaa, atadai lisilomhusu na kuliacha lililo lake.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2021. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya mahakama za mwanzo, lakini mahakama za juu ziliandika hukumu zake kwa Kiingereza. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, iliyorekebisha sheria mbalimbali, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapokihitaji. Kwa hiyo istilahi ambayo zamani ilikuwa ya mfasiri peke yake sasa imo mikononi mwa hakimu, wakili, karani na mwananchi mwenyewe.

Tumechagua kuitazama kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa huko umbali kati ya neno na haki huonekana wazi. Mkazi wa huko aghalabu huanza na Kihangaza, Kishubi, Kizinza, Kihaya au Kisukuma. Kiswahili cha ofisi humfikia kikiwa tayari ni tafsiri ya Kiingereza. Kosa dogo la mfasiri humfika huko likiwa limekwisha kukomaa.

2. Neno na dhana

Katika Kiswahili cha kila siku mzembe ni mtu mlegevu, asiyependa kazi, akaaye kivulini wenzake wakilima. Ni neno la kulaumu tabia. Wahenga walionya kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na uzembe ni ndugu wa ajizi. Katika miaka ya 1970 na 1980 neno hili lilizoeleka kuandamana na uvivu na uzururaji. Kampeni ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwaandama watu waliohesabiwa kuwa na tabia hizo. Amwitaye mwenziwe mzembe, basi, hasemi alilotenda siku fulani. Anasema alivyo siku zote.

Dhana ya sheria haiko hivyo. Sheria ya madhara, yaani ile inayohusu fidia kwa mtu aliyedhuriwa na mwenziwe hata kama hapakuwa na mkataba kati yao, ilitufikia pamoja na sheria za Kiingereza zilizopokewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Sheria hiyo huuliza maswali matatu. Je, mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumhadhari mdai asidhurike? Je, aliukiuka wajibu huo? Je, dhara lilitokana na ukiukaji huo? Swali la nne, kama mdaiwa ni mvivu au ni mchapa kazi, halimo.

Kesi tatu za Uingereza zinatosha kulionyesha jambo hili. Hazizifungi mahakama zetu, bali huweza kuzishawishi. Katika kesi ya Donoghue na Stevenson ya mwaka 1932, mwanamke mmoja alidai kuwa aliugua baada ya kunywa kinywaji cha chupa iliyokuwa na konokono. Hakuna aliyeuliza kama mwenye kiwanda alikuwa mtu wa kulala mchana. Lililoulizwa ni kama alikuwa na wajibu kwa mnywaji asiyemjua. Katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957 mgonjwa alivunjika mifupa wakati wa matibabu, lakini hospitali haikuhesabiwa kuwa na dhima, kwa kuwa ilifuata utaratibu uliokubaliwa na kundi la waganga wenye ujuzi wa kazi hiyo. Dhara lilikuwapo, ukiukaji haukuwapo. Na katika kesi ya Barnett, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1969, mganga wa zamu hakutoka kumwona mlinzi wa usiku aliyekuwa akitapika. Akaagiza arudishwe nyumbani. Mlinzi huyo akafa. Mahakama ilikubali kuwa wajibu ulikiukwa, lakini madai yalishindwa, kwa kuwa sumu aliyokunywa ingemwua hata kama angetibiwa upesi.

Msomaji na aipime kesi hii ya mwisho kwa neno letu. Mwananchi yeyote angesema kuwa mganga yule alikuwa mzembe. Hata hivyo fidia haikupatikana. Uzembe unaweza kuwapo bila dhima, na, kama tutakavyoonyesha, dhima inaweza kuwapo bila uzembe.

3. Mfano wa kubuni

Tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu mtu wala hospitali yoyote. Mama wa kijiji kimoja cha Ngara anajifungua kwa upasuaji usiku. Muuguzi wa chumba cha upasuaji amekuwa kazini tangu jana yake, kwa kuwa mwenzake ni mgonjwa. Hajala, hajaketi. Mwisho wa upasuaji anasahau kuhesabu vitambaa vya kupangusia damu, na kimoja kinabaki tumboni. Baada ya wiki kadhaa za maumivu mama anapasuliwa tena, nacho kinatolewa.

Mume wake anakwenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza afanye nini. Mtendaji, aliyeusoma waraka uliofasiriwa, anamwambia kuwa akitaka fidia lazima athibitishe uzembe. Wazee wanakaa. Wote wanamjua muuguzi yule. Ndiye aliyewazalisha wake zao, na ndiye asiyekataa kuamshwa usiku. Wanasema kwa kauli moja: huyu si mzembe. Na wanasema kweli! Mume anarudi nyumbani akiamini kuwa sheria imemnyima, hali sheria haijaulizwa. Kilichomnyima ni neno.

Tugeuze upande wa pili. Tuseme mume ni mkali, naye anashikilia kuwa muuguzi ni mzembe. Sasa muuguzi hajitetei kuhusu vitambaa. Anaitetea heshima yake. Wenzake wanaungana naye, jalada la mgonjwa linakuwa gumu kupatikana, na anayejua ukweli ananyamaza asije akamwita mwenziwe mvivu mbele ya watu. Hivyo neno lile lile linamnyima mdai haki yake na linamvunjia mdaiwa heshima yake, wala halimfaidii yeyote kati yao.

4. Hoja ya wanaolitetea neno

Wako wanaosema kuwa neno uzembe limekwisha kuota mizizi mahakamani na magazetini, na kwamba istilahi ikishaota haing'olewi. Hoja hii ina nguvu, na mfasiri mwenye busara hazui neno jipya kila mwaka. Aidha, lugha zote hupanua maneno ya kawaida yawe ya kisheria, na watumiaji hujifunza maana mpya kidogo kidogo.

Lakini neno hupanuka vyema pale maana mpya isipopingana na ya zamani. Hapa zinapingana. Tukumbuke mkasa wa Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ambapo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyestahili kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyestahili kupasuliwa kichwa alipasuliwa goti. Ni rahisi kuuita mkasa huo uzembe. Lakini tukiisha kuuita hivyo tunamtafuta mzembe, na tukimpata tunadhani kazi imekwisha. Swali la manufaa zaidi ni kama palikuwa na utaratibu wa kuhakikisha jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa kabla ya kisu kushikwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagulia upasuaji, ambayo huwataka wahudumu kuyathibitisha mambo hayo kwa sauti na kuhesabu vifaa na vitambaa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Orodha hiyo haimkemei mvivu. Inamkumbusha hata hodari, kwa kuwa hodari naye husahau. Dhana inayoizaa ni hadhari.

5. Maneno yanayoandamana nalo

Uzembe hausafiri peke yake. Maneno mengine manne yanastahili kusahihishwa pamoja nao.

La kwanza ni kushtaki. Mwananchi husema, "Nitamshtaki daktari," naye huelekea polisi. Ni kweli kuwa Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 233, inafanya kuwa jinai kumtibu mtu kwa pupa au kwa kutojali kunakohatarisha uhai. Lakini huko Jamhuri ndiyo ishtakiyo, uthibitisho unaotakiwa ni mzito zaidi, na mwisho wake ni adhabu. Atakaye fidia hashtaki, anadai. Yeye ni mdai na mwenziwe ni mdaiwa. Tofauti hii ina tarehe ndani yake. Kwa Sheria ya Ukomo, madai ya madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3. Aliyeingoja polisi miaka 3 huenda akakuta mlango wa madai umefungwa.

La pili ni uangalizi, litumikalo katika wajibu wa uangalizi. Hospitalini neno hili lina kazi nyingine: mgonjwa mahututi hulazwa katika chumba cha uangalizi maalumu. Asikiaye kuwa hospitali ilikuwa na wajibu wa uangalizi hudhani kuwa ulianza alipolazwa na ukaisha aliporuhusiwa, hali wajibu wa kisheria humfuata hata aliyepewa dawa dirishani.

La tatu ni ridhaa. Mgonjwa atiaye sahihi, au dole gumba, katika fomu ya upasuaji aghalabu huamini kuwa amesamehe lolote litakalotokea. Ridhaa si msamaha. Ni kukubali kupasuliwa baada ya kuelezwa. Si kukubali kupasuliwa bila hadhari. Fomu ziseme hivyo waziwazi.

La nne ni hospitali teule. Kwa miaka mingi wilaya hizi zilitegemea hospitali za madhehebu ya dini zilizopewa hadhi ya hospitali teule za wilaya, kama ile ya Murgwanza ya Kanisa la Anglikana huko Ngara. Neno teule linasema kuwa hospitali imechaguliwa; halisemi ni nani atakayejibu madai, kanisa lenye majengo au Serikali yenye watumishi ndani yake. Jambo hili si dogo. Anayeidai Serikali hana budi kutoa kwanza notisi ya siku 90, kisha kufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Ngara na Biharamulo iko Bukoba. Na tangu marekebisho ya mwaka 2020 masharti hayo yanazihusu hata mamlaka za serikali za mitaa, ambazo ndizo zenye zahanati na vituo vya afya. Anayelidai kanisa hafungwi na masharti hayo. Asiyejua mdaiwa wake ni nani hajui hata aanzie wapi.

6. Mapendekezo

Tunapendekeza, kwanza, kwamba dhana ya sheria ya madhara iitwe ukosefu wa hadhari, na wajibu unaoizaa uitwe wajibu wa hadhari. Neno hadhari ni la zamani, linajulikana pwani na bara, na lina jamaa wanaotumika kila siku: jihadhari, tahadhari, kuhadhari. Mtu hodari aweza kukosa hadhari siku moja bila kuvuliwa uhodari wake. Katika mfano wetu, wazee wasingeulizwa kama muuguzi ni mzembe. Wangeulizwa kama vitambaa vilihesabiwa. Swali hilo lina jibu moja, na jibu lake halimtukani mtu.

Pili, neno uzembe libaki katika nidhamu ya kazi, ambako tabia ya mtumishi ndiyo ipimwayo. Na pale sheria ya jinai inapohusika liandikwe uzembe wa jinai, lisiachwe peke yake.

Tatu, waalimu wa somo la uraia na wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wafundishwe kutenganisha njia tatu: lalamiko kwa baraza la taaluma, shtaka la jinai, na madai ya fidia. Kila njia ina mlango wake, lugha yake na mwisho wake. Mwananchi aweza kuzifuata zote tatu, lakini si kwa neno moja.

Hatudai kuwa istilahi nzuri itamlipia mtu nauli ya kutoka Ngara kwenda Bukoba, wala kuwa itamwongezea muuguzi mwenzake wa zamu. Hayo ni kazi ya wengine. Kazi yetu ni kuhakikisha kuwa yule afikaye mbele ya hakimu, baada ya safari hiyo yote, anaulizwa swali ambalo sheria inauliza.