Pedali Inayozama Konani: Fani ya Hitilafu katika Gari la Rejista Mbili

Gari linalompeleka mwenyewe kazini siku za wiki na kuingia uwanja wa mbio siku ya mapumziko ni matini yenye rejista mbili, na hitilafu zake zilizo ngumu kusomeka huzaliwa pale rejista hizo zinapokutana. Mfano wangu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989: viti viwili, injini mbele, msukumo kwenye magurudumu ya nyuma, uzito wa takriban tani moja. Muundo wake ni mwepesi na wa wazi kiasi kwamba kila udhaifu hupata njia ya kujieleza. Swali ni kama tunausikiliza kwa mpangilio unaofaa. Fundi anayekimbilia maudhui, yaani kifaa gani kimekufa, kabla ya kuichunguza fani, yaani dalili ilijitokeza wapi, baada ya nini na kwa mfuatano upi, huishia kubadilisha vifaa vizima na kuiacha hitilafu palepale.

Tuanze na breki, maana humo ndimo fani ilimojaa. Uwanja wa Laguna Seca, California, una mzunguko wa kilomita 3.6 wenye kona 11, na mwisho wa sehemu iliyonyooka dereva huikabili kona ya Andretti, inayodai breki kali. Gari la tani moja likipunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80 hulazimika kugeuza takriban kilojuli 740 kuwa joto. Kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa mwendo, kiasi hicho ni mara saba ya kile cha kupunguza kutoka 60 hadi 30 mjini. Sehemu kubwa ya joto hilo huangukia diski za mbele, ambazo katika gari la injini ya lita 1.6 zina kipenyo cha milimita 235 tu. Kisha tendo hilohilo hurudiwa kila mzunguko, na takriri hii ndiyo inayobadili maana: breki ambayo ni timamu katika mzunguko wa kwanza huwa matini nyingine kabisa katika wa sita.

Hapo pedali huanza kusema, na haisemi jambo moja. Ikibaki ngumu chini ya mguu ilhali gari halipungui mwendo, pedi zimepita kiwango chao cha joto na msuguano umepotea. Ikilainika na kuzama, oili ya breki imechemka na mvuke, tofauti na oili, hubanwa. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, hata gari likiwa limesimama na breki zimepoa, sili za masta zinavujisha kwa ndani. Namna ya nne ndiyo inayowapotosha wengi: pedali hushuka mara moja tu, ikikanyagwa mara ya pili inarudi juu. Anayetazama kina cha pedali peke yake ataituhumu oili. Anayeuliza mahali atagundua kwamba dalili hii hutokea baada ya kona ndefu au baada ya tairi kupanda ukingo wa njia, wala si baada ya breki kali kurudiwa. Beringi ya gurudumu imelegea, diski imeyumba na kuzisukuma pedi nyuma, na mkanyago wa kwanza umetumika kuzirudisha tu. Kina ni kilekile, lakini nafasi katika mzunguko imebadili usomaji wote.

Oili iliyochemka ina hila zaidi, kwa sababu ushahidi wake hujifuta. Oili ya DOT 4 ikiwa mpya haina budi kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hufyonza unyevu kadiri miezi inavyopita, na ikishika maji kiwango hicho cha chini huwa 155. Njiani kurudi nyumbani breki hupoa, mvuke hugeuka tena kuwa maji, pedali inapanda, na Jumatatu gari huingia gereji likiwa halina lawama. Anayeijaribu barabarani anaihoji rejista isiyohusika. Hapa kutoa upepo na kujaza oili mpya ni sehemu ya kusoma: kama baada ya hapo pedali haizami tena katika mzunguko uleule, kwa kasi ileile, chanzo kimethibitika.

Mtetemo wa usukani wakati wa breki unahitaji kisengerenyuma. Desturi ni kusema diski imepinda. Mara nyingi zaidi tabaka la pedi lililoshikamana na diski halilingani unene. Pedi za mbio hufanya kazi kwa kuhamishia juu ya diski utando mwembamba wakati wa moto. Zikiendeshwa baridi mjini wiki nzima huukwangua utando huo, na siku ya mbio utando mpya hujengeka kwa mabaka. Dalili imetokea uwanjani, ilhali chanzo chake kimeandikwa kwenye foleni za asubuhi.

Injini husimulia kwa sauti ya chini zaidi. Ya MX-5 ilitokana na injini iliyolazwa kwa upana ndani ya Mazda 323, ambamo maji yaliingia upande mmoja wa injini na kutokea upande wa pili yakipita silinda zote. Ilipogeuzwa kwa urefu, njia ya kutokea ikahamishiwa mbele na ile ya nyuma kuzibwa, ikabaki hasa mpira wa hita kuvuta maji upande huo. Barabarani uhariri huu hauonekani. Uwanjani silinda ya nne, iliyo nyuma kabisa, ndiyo inayolipa, na plagi yake ikilinganishwa na ya kwanza hutoa ushahidi mapema kuliko geji yoyote. Joto likipanda gari likisimama na kushuka likienda, mtuhumiwa ni feni. Likipanda gari likienda kasi, tazama rejeta, mipira, na kile kibamba cha chini kinachoelekeza hewa, ambacho mafundi hukivua na kusahau kukirudisha.

Presha ya oili ndiyo sehemu ninayoiona kuwa dhaifu kisanaa. Magari ya awali yalikuwa na geji halisi, mshale wake ukipanda na kushuka pamoja na injini. Kuanzia yale ya 1995 mshale uliendeshwa na swichi: presha ikipita kiwango kidogo tu, husimama katikati na kubaki hapo. Huyu ni msimulizi asiyeaminika, na ubaya wake ni kwamba utulivu wake unafanana kabisa na afya. Mwenye gari la namna hiyo anayesikia tapeti zikigonga baada ya kona ndefu anapaswa kuuamini mlio huo dhidi ya mshale, akague kiwango cha oili, kisha afunge geji halisi kabla ya kurudi uwanjani.