Pridilei! Twende Nambis Ukaisikie Mwenyewe

Wee, acha kwanza unachofanya! Nimetoka Nambis sasa hivi, juu kule Mbulu, masikio bado yananiwasha kwa utamu, na sikai kitako mpaka nikusimulie. Kitufe kimoja tu! Kidogo, kimya, wengi tunakipita bila kukitupia jicho: pridilei ya rivabu. Kale kamuda kafupi mno kanakopita mtu akishaimba, kabla mwangwi wa mashine, yaani rivabu yenyewe, haujaanza kumfuata.

Sikia sasa. Kwaya inarekodi kwa Kiiraqw, kiongozi, dada mmoja, anaita, wenzake wanaitikia. Pridilei ikiwa sifuri, mwangwi unamkumba dada wa watu palepale mdomoni. Sauti laini, nono, nzuri sana, ila maneno yote yamezama. Na Kiiraqw unakijua kilivyo! Ile tl inayopasuka, sl inayopuliza pembeni mwa ulimi, hh inayotoka kooni kabisa kabisa, zote zimemezwa! Fundi wa kurekodi akakizungusha kitufe kidogo, milisekunde 40... Mungu wangu! Dada akachomoka, akasimama hapa, mbele ya pua yangu, kila tl inachapa, kila hh inakwaruza kwa raha, halafu ndiyo nyuma yake ukumbi mkubwa, mpana, mzito ukafunguka kama ukungu unavyopanda kutoka Bonde la Ufa. Na rivabu yenyewe haikuongezwa hata chembe! Chumba chenyewe kidogo, mablanketi ukutani, jasho tupu. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 40 ni karibu mita 14 za hewa, na sikio linaamini kabisa kwamba kuta ziko mbali huko.

Na bado!

Wakaleta makofi. Zilezile 40 zilizompamba dada zikayapasua makofi vipande viwili: pa! pengo, halafu shaaa. Vibaya mno! Sauti ya mtu inaanza kwa ulaini, inalificha pengo. Kofi halina pa kulificha, linakuanika mchana kweupe. Fundi akashusha hadi karibu na sifuri, yakatulia. Wimbo mmoja, pridilei mbili! Nani aliwahi kukuambia?

Halafu jaribu kukizungusha kitufe huku mtu anaimba, jaribu tu! Kwenye kompyuta ya fundi mkia wa mwangwi ulipinda, ukapanda, ukaserereka chini kwa namna ya ajabu, nywele zikanisimama. Kwenye mikisa ya pembeni, kitendo kilekile kikatoa vimlio tu, tk tk tk. Na namba moja haina ladha moja: rivabu inayoanza polepole, 20 yake inasikika ndefu kuliko 20 ya ile inayoingia kwa kishindo. Amini masikio, kioo kiache!

Lililonimaliza kabisa ni hili. Fundi akachukua 60,000, akagawa kwa mapigo 100 ya wimbo kwa dakika, akapata milisekunde 600 kwa pigo, akachukua moja ya nane: 75. Sabini na tano, jamani, ndefu hiyo! Lakini mwangwi ukaingia ndani ya mdundo, ukaanza kucheza nao, na waitikiaji wakajikuta wanayumba bila kuambiwa. Mabega yote, upande huu, upande ule!

Zamani studio kubwa za Ulaya na Marekani zililazimika kupitisha sauti kwenye mashine nzima ya tepu ili tu ichelewe kufika kwenye chumba cha mwangwi. Mwaka 1976 Wajerumani wakaleta EMT 250, rivabu ya kidijitali, zigo la chuma la kubebwa na wanaume. Leo pridilei imo ndani ya Audacity, programu ya bure, kwenye kompyuta yoyote ya mkononi pale kijijini. Bure, rafiki yangu!

Jumamosi una kazi gani? Iache. Tupande basi la Mbulu, na ukifika usiulize namba hata moja. Vaa hedifoni, funga macho, mwambie fundi aanzie sifuri apandishe polepole, polepole, mpaka ile tl ya kwanza ikuchape...