Kiswahili Kimewekwa Nyuma

Nasoma fasihi, si tiba, lakini kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma tasnifu za madaktari wanaosomea ubingwa Muhimbili. Ziko wazi mtandaoni, kwenye hifadhi ya chuo chao, MUHAS. Ukisoma kumi mfululizo zinaanza kukusikikia kama utenzi mmoja: utangulizi, mapitio, mbinu, matokeo, mjadala, mapendekezo. Zote nilizosoma ni za Kiingereza.

Halafu unafika mwisho kabisa, kwenye viambatisho, na ghafla mtu anasema nawe Kiswahili. Ni fomu ya ridhaa na dodoso. Mgonjwa anaelezwa utafiti unahusu nini, kwamba jina lake halitatajwa, na kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Kwangu hizi ndizo kurasa bora za kazi nzima. Sentensi ni fupi, na mtu mwenye hofu anazungumzishwa kwa heshima. Akishajibu, majibu yake yanageuka asilimia katika lugha nyingine, na yeye haonekani tena.

Umbo hili lina sababu zake. Masomo huchukua miaka mitatu, na bila tasnifu huhitimu. Daktari anaandika kati ya wodi na zamu za usiku, akisubiri kibali cha kamati ya maadili na maoni ya msimamizi. Ndiyo maana mara nyingi anachagua swali linalojibika kwa wagonjwa waliokwisha lala vitandani, wanaopimwa mara moja tu. Maswali yanayoanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa mara nyingi hayaulizwi.

Sisi wa Mashewa tunayajua hayo maswali. Mgonjwa wetu hupewa rufaa kwenda Magunga, mjini Korogwe, kisha Bombo kule Tanga, na hali ikizidi ndipo Muhimbili. Kwenye jedwali safari yote hiyo inaenea kisanduku kimoja: anaishi nje ya Dar es Salaam. Akipanda basi kurudi, tasnifu imeshamaliza naye. Alipata dawa zile huku? Nani alimsomea karatasi zake?

Na Korogwe hiihii ndiyo iliyokuwa, pamoja na Bagamoyo, kituo cha majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya 2009 na 2014. Watoto 15,459 wa nchi saba waliandikishwa na kufuatiliwa kwa miaka. Kumbe mtu anaweza kufuatwa hadi kwao, fedha zikiwepo.

Nimeambiwa nisilinganishe, kwamba tasnifu ni zoezi la kujifunza utafiti. Sawa. Lakini fomu za ridhaa nilizosoma humwambia mgonjwa kwamba majibu yake yatasaidia wengine. Sijaona hata moja inayomwambia kuwa ni zoezi.

Ningependa kuona kiambatisho kimoja zaidi: matokeo, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kilekile cha fomu ya ridhaa, na nakala yake ipelekwe Bombo na Magunga.