Nani Asemaye katika Utabiri wa Mvua? Lugha ya Sayansi na Waganga wa Mvua wa Nganyi

Ni kawaida katika maandishi ya wasomi kuzitenga fikra za kimantiki na fikra za jadi kana kwamba ni nchi mbili zisizopakana. Robin Horton, katika makala yake ya mwaka 1967, alikwisha kuonyesha kwamba fikra za jadi za Kiafrika nazo hutafuta sababu za mambo, kama sayansi itafutavyo. Mjadala uliofuata, hata hivyo, ulijishughulisha zaidi na ukweli wa maneno kuliko na msemaji wake. Tatizo la mabadiliko ya tabianchi, ambalo ni la dunia nzima, ladai swali la msemaji nalo liulizwe. Mahali panapofaa kuliulizia ni Bunyore, sehemu iliyokuwa katika Wilaya ya Kakamega hadi Vihiga ilipotengwa mwaka 1990, penye ukoo wa Nganyi unaosifika kwa uganga wa mvua.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha tabianchi cha IGAD, kwa msaada wa fedha za Kanada na Uingereza, zilianza kukaa pamoja na wazee wa Nganyi kabla ya misimu ya mvua. Kila upande ulileta utabiri wake, tabiri hizo zikalinganishwa, kisha ukatolewa utabiri mmoja wa mapatano kwa wakulima. Mpango huo umesifiwa, na unastahili sifa. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuyatazama maneno yenyewe.

Utabiri wa kisayansi wa msimu huigawa mvua katika mafungu matatu: zaidi ya wastani, wastani, na chini ya wastani; kila fungu hupewa uwezekano wake. Na tuchukulie mfano wa asilimia 40, 35 na 25. Huo ni usemi mwaminifu, kwani haudai kujua usichokijua. Hata hivyo, usemi huo hauna nafsi. Katika sentensi “uwezekano ni asilimia 40” hamna asemaye wala aambiwaye. Wastani wenyewe ni wa miaka mingi na wa eneo pana, hauna shamba. Mkulima mwenye debe moja la mbegu hawezi kupanda kwa asilimia: ama atapanda, ama atangoja. Mvua ikimkosa, utabiri haujawa uongo, maana zile asilimia 25 nazo zilikwisha tajwa. Mbegu zimekauka, na usemi umebaki salama.

Usemi wa mganga wa mvua una mwenyewe. Hujulikana kwa jina, kwa boma na kwa babu zake, na mvua ikiadimika lawama humfuata mlangoni. Isidhaniwe kuwa hatumii akili: wazee wa Nganyi huchunguza miti ichanuapo na ipukutishapo majani, na nyendo za ndege, wadudu na vyura. Wala isidhaniwe kuwa uwajibikaji wa namna hiyo hauna dosari. Anayeaminiwa kuwa na mvua mkononi aweza kuwatisha majirani, nao waweza kumwonea kwa kosa la mawingu. Tena dalili za kichakani hazipimi joto la Bahari ya Pasifiki, lililochangia mafuriko ya Kenya ya mwaka 1997 na 1998.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kilichoingia katika utabiri wa mapatano ni dalili, yaani kile kilichofanana na sayansi. Tambiko lilibaki msituni. Msomi aweza kuliita tambiko ushirikina, lakini ndani yake mna jambo lisilopatikana katika takwimu: mtu kusimama mbele ya wenziwe na kujifunga kwa neno lake. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona na Mzingile, aliuvunja usimulizi wa kawaida ili kuihoji akili inayojidai kuwa njia pekee ya kuufikia ukweli. Mfano wa Bunyore waongeza hoja ya pili: akili yaweza kuufikia ukweli, na bado ikakosa mtu wa kuudhamini.

Upungufu huo haukomei katika utabiri wa msimu. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unazikiri hasara zitokanazo na tabianchi katika kifungu chake cha 8. Uamuzi ulioupitisha mkataba huo unatamka kwamba kifungu hicho si msingi wa dhima wala fidia. Hasara imetajwa, mwenye kuhusika nayo hakutajwa. Sarufi ni ile ile ya asilimia 40. Hesabu yaweza kupima hewa chafu ya viwanda na kukadiria ukame utakaofuata, lakini haimlazimishi yeyote kusema “ni mimi”. Neno hilo la nafsi ya kwanza, ambalo mzee wa Nganyi hawezi kulikwepa mbele ya jirani yake, ndilo lugha ya mataifa ilipungukiwalo.