Mchezo wa Kuteka Miji Usiojua Sulhu

Twapenda safari hii kusema juu ya kitu ambacho aghlabu ya wazee hawakihesabu kuwa ni cha kuandikiwa makala. Kitu hicho ni mchezo. Si bao wala si karata, bali ni mchezo wa kompyuta uitwao Medieval II: Total War. Uliundwa na Creative Assembly, ukatolewa na Sega mwaka 2006, na tangu mwaka 2022 umetiwa katika simu za mkononi, ndipo ulipoingia hata katika nyumba zisizo na kompyuta. Vitabu huhakikiwa na mashairi huhakikiwa. Basi kitu kinachomkalisha kijana saa tatu bila ya kuinua kichwa nacho chastahiki kuhakikiwa, maana hapana shaka kinamsomesha jambo.

Mpango wake ni huu. Mchezaji huchagua dola moja, Misri mathalan, au Waturuki, au Uingereza, akapewa miji michache na hazina ndogo, na mbele yake ikatandazwa ramani itokayo magharibi ya Ulaya mpaka Baghdad. Miaka ni 1080 mpaka 1530, nayo imegawanywa zamu 225. Katika mchezo mrefu mshindi ni yule atakayeshika majimbo 45, pamoja na miji fulani aliyotajiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo kazi kubwa ya akili humu si kupigana, bali ni kuchagua: nianze na mji upi, na upi niuache?

Wachezaji hodari wana kanuni zao. Kwanza huikimbilia miji ya rangi ya kijivu, ile isiyo na mfalme, kabla jirani hajaiwahi. Mwenye kucheza Misri, ambaye huanza na Kairo, Iskandaria na Ghaza, hupanda na pwani ya Sham: Baitul Muqaddas, Akka, Dameski, Antiokia. Kisha hutazama bandari, kwa kuwa bandari huleta fedha ya biashara. Kisha ngome, maana mchezo umetenga mji na ngome: mji huleta mali na ngome huleta askari. Kadhalika hulinda upande wa mashariki, kwa kuwa Wamongoli watakuja katika karne ya 13 kama walivyokuja kweli, na asiyejiweka tayari huliwa.

Katika hili mchezo wastahiki sifa, wala hatuoni haya kuusifu. Nimesomesha tarekh miaka mingi, na nimewaona wanafunzi wakihifadhi jina la Akka kama wanavyohifadhi namba, wasijue iko juu ya bahari au juu ya mlima. Mwenye kuucheza mchezo huu ajua kwamba Akka ni bandari, kwamba aliyeishika hupokea jeshi na chakula kutoka ng'ambo ya bahari, na kwamba bila ya pwani hiyo Baitul Muqaddas ni taji lisilo na kichwa. Hayo ni maarifa ya kweli.

Na hesabu hii ya funguo si ya mchezoni tu. Sisi watu wa pwani tumeandikwa katika hesabu kama hiyo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alipotumwa na mfalme wa Ureno, Kilwa na Mombasa zilikuwa ni funguo katika ramani ya watu waliokuwa hawajawahi kula hata kokwa ya tende pamoja nasi. Zilitekwa zote mbili mwaka huo, na Mombasa iliporwa na kutiwa moto. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa anapochagua mji wa kuteka, yafaa akumbuke kwamba mji una pande mbili: upande wa anayeutazama juu ya ramani, na upande wa anayelala ndani yake.

Kasoro ya mchezo iko mahali pamoja, napo ni padogo hata mtu aweza kupapita asione. Mji ukishatekwa hutokea karatasi yenye maswali matatu: uukalie tu, au uupore, au uwaue wenyeji wake? Ukiukalia, watu hubaki na fedha ni kidogo. Ukiupora, fedha ni nyingi na watu hupungua. Ukiwaua, wengi wa wenyeji hutoweka katika hesabu, na waliobaki hutulia.

Hapo ndipo ulipo mtego. Kwa kanuni za mchezo, mji ulio mbali na makao makuu, na wenye dini nyingine, huasi mara kwa mara na hutaka askari wengi wa kuulinda. Mji uliochinjwa hautaki gharama hiyo. Basi kijana mwenye haraka, wala si kwamba ana moyo mbaya, hujifunza kuwa kuua watu ni njia nyepesi ya kupata utulivu. Tuiseme na haki ya waliouunda: jemadari huandikiwa sifa ya uungwana au sifa ya kuogofya, kwa kadiri ya matendo yake. Lakini sifa zote mbili humfaa. Ya kwanza huwatia nguvu askari wake, ya pili huwavunja moyo maadui. Wema na uovu vimepangwa rafu moja kama dukani, na mteja achague kimfaacho.

Aliyesoma fiqhi japo kidogo amekutana na tofauti baina ya nchi iliyofunguliwa sulhan na ile iliyofunguliwa anwatan, yaani kwa mapatano na kwa nguvu. Si tofauti ya maneno matupu. Juu yake wanavyuoni wamejenga hukumu za ardhi, za kodi, za makanisa na za roho za watu. Mchezo huu haujui ila anwatan. Mfalme aweza kumtuma mjumbe kwa mfalme mwenziwe wakabadilishana jimbo, lakini wenyeji wa mji uliozingirwa hawana ulimi. Hawawezi kumtoa mzee mmoja mlangoni akauliza: tukifungua, mtatufanyaje? Na bila ya swali hilo, uchaguzi wote wa miji umeharibika, maana katika tarekh ya Sham miji mingi ilifunguka kwa jawabu la swali hilo kuliko kwa ngazi na manjaniki. Khalifa Umar (R.A.) aliipokea Baitul Muqaddas kwa sulhu kiasi cha mwaka 637, kutoka mkononi mwa Sophronius, askofu wao mkuu.

Tazama mwaka 1187. Tarehe 4 Julai Salahuddin alilivunja jeshi la Wafranji pale Hittin. Mchezaji angelikwenda mbio Baitul Muqaddas, ambayo haikuwa na jeshi la kutosha. Yeye hakwenda. Alikwenda Akka, ikajisalimisha tarehe 10 Julai kwa mapatano. Saida na Beirut zikafuata, na mwanzoni mwa Septemba Asqalan, ambayo ndiyo mlango wa Misri. Hayakuwa yote sulhu. Yafa ilichukuliwa kwa nguvu na ndugu yake, Al-Adil, na watu wake wakafanywa mateka. Ama Baitul Muqaddas, mwanzo Sultani alitaka kuiingia kwa upanga kama Wafranji walivyoiingia mwaka 1099, walipowachinja watu wake. Balian wa Ibelin akatoka kuzungumza naye, na walipatana fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na muda wa siku 40. Mji ukafunguka tarehe 2 Oktoba, siku ya 27 Rajabu mwaka 583 Hijria. Wako maskini wengi waliosamehewa fidia, na wako walioshindwa kulipa wakachukuliwa. Twayasema yote mawili, kwa sababu tarekh si kasida ya harusi.

Mjukuu wangu, ambaye nimekaa naye jioni kadhaa nikimtazama akicheza, alinisikiliza mpaka hapo kisha akaniambia: "Basi babu, Salahuddin alikosea. Watu aliowaachia si ndio waliokwenda Sur?" Hili si neno la kitoto. Ni kweli kwamba kila mji uliojisalimisha, wapiganaji na matajiri wake walikimbilia Sur, bandari iliyoingia baharini kama ulimi. Conrad wa Montferrat alifika huko mwezi ule ule wa Julai akaitia nguvu. Salahuddin aliizingira mwezi wa Novemba, akaiacha mwanzoni mwa mwaka 1188. Kutoka Sur Wafranji wakaiendea Akka mwaka 1189, na tarehe 12 Julai 1191 wakaitwaa. Mwanatarekh Ibn al-Athir, aliyeishi zama zile zile, alimlaumu Sultani kwa jambo hilo hilo.

Lakini kijana amechanganya mambo mawili. Kutoiteka Sur ilipokuwa dhaifu ni kosa la mpango, nalo laweza kujadiliwa mpaka alfajiri. Kutoa amani na kuitimiza si mpango, ni ahadi, na dawa ya kosa la kwanza si kuivunja ya pili. Kisha na tuhesabu kwa hesabu yake mwenyewe ya mchezo. Lau watu wa Akka wangelichinjwa mwezi wa Julai, Asqalan ingelifungua mlango Septemba? Kila mji ulikuwa ukiutazama mji uliotangulia. Kwa miezi mitatu Salahuddin alipata pwani karibu yote, na jeshi la kuivunja ngome moja moja lingelihitaji miaka. Hazina hiyo, ya kuaminiwa neno, mchezoni haifungui mlango wa mji uliozingirwa.

Wala sitamdanganya kijana kwamba uovu haufanyi kazi. Tarehe 20 Agosti 1191 Richard, mfalme wa Uingereza, aliwaua mateka wa Akka, wapatao 2,700 kwa hesabu iliyo mashuhuri. Salahuddin naye akalipiza kwa baadhi ya mateka waliomwangukia. Na khofu ikaenea kweli: alipotaka askari wa kuilinda Asqalan hakupata waliokuwa tayari kuingia, wakiogopa yaliyowapata wenzao. Ikabidi aubomoe mji kwa mikono yake. Kadhi wa jeshi lake, Bahauddin Ibn Shaddad, ambaye alikuwapo, amesimulia huzuni yake siku zile. Alikuwa na funguo mbili na mlinzi wa moja, akachagua Baitul Muqaddas. Sijapata kumwona mchezaji abomoaye ngome yake ili mji mwingine uishi. Na Richard, pamoja na kuogopewa kwake kote, hakuingia Baitul Muqaddas. Septemba 1192 walipatana, pwani kutoka Sur mpaka Yafa ikabaki kwa Wafranji, na mahujaji wao wakaruhusiwa kuzuru. Vita vilikwisha kwa sulhu.

Juu ya jihadi ndani ya mchezo sitasema mengi. Imamu mwenye daraja ya kutosha huitangaza dhidi ya mji, askari wakajiunga bila ya kulipwa, na mambo yamekwisha. Vita vya Msalaba vya Papa ni hivyo hivyo. Wamefanya usawa katika ujinga.

Kuna jina moja katika ramani ile ambalo siwezi kulipita. Ghaza ni ngome ya Misri, na mchezaji wa dola nyingine hufundishwa kuwa ndiyo ya kuitwaa kwanza akitaka kushuka Kairo. Tangu Oktoba 2023 watoto wetu wamesikia jina hilo kila usiku katika habari, pamoja na maelfu kwa maelfu ya maiti zilizohesabiwa. Na mtoto huyo huyo, baada ya habari, huchukua simu, huizingira Ghaza, na karatasi yenye maswali matatu humtokea. Nimemwona mmoja akibonyeza la tatu pasina kusita, kwa kuwa alikuwa na haraka ya Iskandaria.

Wazazi wameniuliza kama wauharamishe mchezo huu nyumbani. Mimi sijatoa fatwa hiyo. Upigwe marufuku wakati wa sala na wa masomo, hilo halina mjadala. Saa nyingine, baba au babu na akae ubavuni mwa mtoto, na karatasi ile itokeapo amshike mkono kabla hajabonyeza, amuulize mji huo ulikuwa na watu wangapi, na wangelisema nini lau wangeliulizwa. Mjukuu wangu amenijibu kwamba idadi yao imeandikwa pale pale pembeni, ila yeye alikuwa hajapata kuisoma.