Anayezama Chini ya Pont-au-Change

Katika picha ya Charles Meryon ya mwaka 1854, daraja la Pont-au-Change la Paris limejaa watu. Chini yao, katika Mto Seine, mtu anazama. Angani limepaa puto lililoandikwa Speranza, yaani tumaini, nalo linakwenda zake.

Anayezama ni mdogo mno, lakini fundi amempa uangalifu uleule aliowapa mawe ya daraja. Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii ya sindano na tindikali. Bamba la shaba hupakwa nta, sindano ikaikwangua mstari kwa mstari, kisha tindikali ikala pale tu sindano ilipopita. Bamba likikaa humo kupita kiasi, mstari mwembamba huwa mweusi tii. Fundi wa namna hii hawezi kumpita mtu majini bila kumwona. Ni lazima akae naye.

Meryon alikuwa mwanamaji wa Ufaransa aliyefika hadi New Zealand. Macho yake hayakuzipambanua rangi vizuri, ndiyo maana akaacha brashi, akashika sindano. Mwaka huohuo wa 1854 alichora La Morgue, nyumba ya kando ya mto ambako maiti walilazwa hadharani ili ndugu wawatambue. Ukiziweka picha hizi mbili pamoja, unajua yule anayezama anaelekea wapi. Wengine wamechora madaraja ya Paris kama mapambo ya jiji. Kwa Meryon, daraja ni mahali ambapo watu hupita bega kwa bega na hakuna anayemjali mwenzake.

Leo mtu akitumbukia mtoni, simu huinuliwa kabla ya kamba kutupwa. Tunapata picha yake papo hapo, na yeye hatujamwona.

Wakati Meryon akichora picha yake, Haussmann, mkuu wa serikali jijini, alikuwa ameanza kuibomoa Paris ya kale. Mwaka 1858 daraja lile lilivunjwa ili lijengwe jingine, na mwaka huohuo Meryon akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton. Baadaye alilifuta puto kwenye bamba lake, akajaza ndege angani. Mshairi Baudelaire alimsifu mwaka 1859, lakini sifa hazikumlisha. Alirudishwa Charenton mwaka 1866, akafia huko mwaka 1868. Nakala alizoziuza kwa bei duni sasa zinatunzwa na makumbusho makubwa, na Paris aliyoihangaikia kwa sindano imebaki humo tu, kwenye karatasi.